Paneli za Sauti Sebuleni: Mwongozo Kamili wa Kuzipanga Katika Nyumba ya Mawe

Swali huja lile lile, paneli za sauti zipangwe vipi sebuleni, mtaa wa Nairobi tu ndio hubadilika. Leo ni Umoja, kesho South B, keshokutwa Kilimani. Mtu ana amplifaya nzuri, ana spika nzuri, amebandika sponji ukuta mzima, na bado besi inanguruma na sauti ya mwimbaji inatangatanga. Huongeza sponji. Mngurumo unabaki pale pale, na sasa hata matoazi yamefifia.

Sababu kubwa ni kwamba maelekezo mengi yanayosomwa huku yameandikiwa nyumba za Marekani, ambako kuta za ndani huwa ni bodi nyembamba za jasi zilizopigiliwa kwenye fremu za mbao. Ukuta wa namna hiyo hutikisika besi inapougonga, na katika kutikisika huko sehemu ya besi hupotea. Nyumba ya Nairobi ni mawe ya kuchonga, plasta ya saruji, vigae sakafuni na zege juu. Besi ikigonga hapo inarudi ilikotoka karibu nzima. Kwa hiyo kazi yetu huanzia kwenye pembe za chumba, tena kwa paneli nene, yaani fremu za mbao zilizojazwa sufu ya mawe.

Jambo jingine lieleweke mapema: paneli hizi hazizuii sauti kutoka. Jirani wa juu ataendelea kukusikia kama kawaida. Kuzuia sauti isivuke ukuta ni kazi ya uzito na kuziba mianya, na ina gharama zake. Hapa tunashughulikia sauti unayoisikia wewe ukiwa umeketi.

## Vifaa vya kutafuta kwanza

Hesabu ifuatayo ni ya paneli nane, zinazotosha sebule ya kawaida ya nyumba ya kupanga.

- Mabamba 16 ya sufu ya mawe, ile ambayo wauzaji wote huiita Rockwool: unene wa milimita 50, ukubwa wa mita 1.2 kwa 0.6, uzito wa kilo 60 hadi 80 kwa mita ya ujazo. Waulize wauzaji wa vifaa vya kuhami joto kule Industrial Area. Kununua pakiti nzima kwa kawaida ni nafuu kuliko bamba moja moja.
- Mbao za saiprasi za inchi 4 kwa 1, zilizokauka na kupigwa randa. Gikomba zipo, na yadi ya mbao ya mtaani kwako pia itafaa. Mbao mbichi usiichukue hata kwa bei ya kutupa, itapinda na fremu nayo.
- Leso jozi nne.
- Skrubu, gundi ya mbao, na bunduki ya stepla yenye pini fupi.
- Barakoa, glavu, na shati la mikono mirefu usilolipenda sana.
- Kioo cha mkononi, futi ya kupimia, penseli, na gundi ya karatasi ya mafundi wa rangi, ile inayobanduka bila kung'oa rangi.
- Simu au laptopu. Ukiweza kupata kipaza sauti (maikrofoni) cha kupimia cha USB kama UMIK-1 ya miniDSP, vizuri zaidi, lakini usiahirishe kazi kwa kukikosa.

Mbona leso? Kitambaa cha paneli sharti kipitishe hewa. Kiweke mdomoni upulize: pumzi ikipita bila kulazimishwa, sauti nayo itapita. Leso ya pamba inafaulu mtihani huo, ila ifue kwanza, maana leso mpya ina wanga unaoziba nyuzi. Ukubwa wake pia ni kama umepimiwa kazi hii: takriban mita 1.5 kwa 1.1, kiasi cha kuvika fremu moja na kubakisha ukingo wa kupigia stepla. Huuzwa jozi, hivyo jozi moja ni paneli mbili zinazofanana, kushoto na kulia. Biashara Street utazikuta za kila rangi. Angalia tu maneno yaliyoandikwa, wageni watakuwa wakiyasoma kila wakija.

### Usivyopaswa kununua

Trei za mayai. Sponji ya inchi moja yenye vinundu. Yale maboksi meupe mepesi yanayofungiwa televisheni.

Wimbi la sauti la 100 Hz, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, lina urefu wa mita 3.4, karibu sawa na upana wa sebule yako. Kitu cha sentimita mbili kilichobandikwa ukutani kwake ni kama hakipo. Kinachofanya ni kumeza sauti za juu peke yake, kisha besi inabaki na uwanja wote. Ndiyo maana waliobandika sponji hulalamika kwamba muziki umekuwa kama unapigwa chini ya blanketi.

Sponji ya kawaida pia hushika moto haraka na moshi wake ni sumu. Katika nyumba ambayo mshumaa huwashwa kila stima ikipotea, hilo si jambo dogo. Sufu ya mawe haiwaki, ingawa mbao na leso zinaweza kuwaka, kwa hiyo mshumaa uwe mbali vilevile.

## Hatua ya 1: Pima chumba kabla ya kusogeza chochote

Chukua urefu, upana na kimo, uvichore kwenye karatasi pamoja na mlango, madirisha na makabati. Kisha gawanya 343 kwa mara mbili ya kila kipimo. Hiyo 343 ni kasi ya sauti kwa mita kwa sekunde hewa ikiwa na joto la nyuzi 20 hivi. (Urefu wa Nairobi kutoka usawa wa bahari usikusumbue, kasi ya sauti hufuata joto la hewa.)

Tuchukue sebule ya mita 4.2 kwa 3.3, kimo 2.7. Urefu unatoa 41 Hz, upana 52 Hz, kimo 64 Hz. Hizo ndizo noti ambazo chumba chenyewe kitazivimbisha kwanza. Kama gita la besi la benga linaruka kwa noti fulani na kupotea kwa nyingine, sasa unajua mshukiwa ni nani.

Baada ya hapo rekodi hali ilivyo. Programu ya Room EQ Wizard ni ya bure: kipaza sauti kikae pale kichwa chako kitakapokuwa, kwa kimo cha masikio, upige mfagio wa sauti, yaani sauti moja inayopanda taratibu, kutoka 20 Hz hadi 20,000 Hz, uhifadhi faili kwa jina la "kabla". Fanya hivyo usiku uliotulia au alfajiri, kabla matatu hazijaanza honi. Mwenye simu tu atumie programu yoyote ya kuonyesha masafa ya sauti. Namba za simu haziaminiki, ila tofauti kati ya leo na baada ya kazi itaonekana.

Mwisho simama katikati ya chumba upige kofi moja kali. Ukisikia mlio wa "trrr" ukikimbia kati ya kuta, andika mahali uliposimama.

Utajua umefaulu ukiwa na mchoro, namba tatu, na rekodi ya kabla. Bila rekodi hiyo utakuja kubishana na masikio yako mwenyewe.

## Hatua ya 2: Kiti na spika kabla ya paneli

Hatua hii haina gharama na ndiyo inayorukwa zaidi. Nyumba nyingi sofa ya watu watatu imegandishwa ukuta wa nyuma, spika zimesukumwa kwenye pembe mbili za mbele, na katikati pana wall unit yenye vioo. Mpangilio huo unakusanya kila kosa mahali pamoja. Ukutani besi hujaa kupita kiasi, na katikati kabisa ya chumba noti ya kwanza ya urefu hutoweka. Kichwa chako hakitakiwi kuwa kwenye mojawapo.

Anza na asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa nyuma. Kwa mita 4.2 ni kama mita 1.6, yaani masikio yako yatakuwa mita 2.6 kutoka ukuta wa mbele. Hiyo si sheria, ni mahali pa kuanzia. Sogea mbele na nyuma kwa hatua za sentimita 10 huku wimbo wenye besi inayotembea ukicheza, ukae pale noti zinapolingana zaidi.

Spika nazo zitazame urefu wa chumba, kwa umbali sawa kutoka kuta za kushoto na kulia. Katika mfano wetu ziwe mita 2 kati yake, kila moja sentimita 65 kutoka ukuta wa ubavu, uso wake nusu mita kutoka ukuta wa mbele. Umbali huo wa ubavu na ule wa mbele usilingane. Sababu ni hii: besi inayozunguka spika na kurudi kutoka ukutani hufuta noti yake yenyewe, na noti hiyo ni 343 gawanya kwa mara nne ya umbali. Nusu mita inafuta karibu na 172 Hz, sentimita 65 inafuta karibu na 132 Hz. Umbali ukilingana, mashimo mawili yanaangukia noti moja na kuwa shimo moja refu.

Kabla hujaenda mbali, iangalie meza ya kioo iliyo kati yako na spika. Ni kama ukuta uliolala. Iondoe wakati wa kusikiliza, au itandikie blanketi zito. Vile vitambaa vya kufumwa vya juu ya sofa viache, havisaidii wala havidhuru.

*Tahadhari:* mwafaka wa nyumbani ni sehemu ya hatua hii. Kama sofa haiwezi kuondoka ukutani kwa sababu watu wanapita, tafuta kiti kimoja chepesi cha kusogeza unapotaka kusikiliza, na weka alama ya gundi ya karatasi sakafuni ili kirudi pale pale kila mara.

Utajua umefaulu sauti ya mwimbaji ikisimama katikati ya spika mbili kama kuna mtu pale, hata kabla ya paneli ya kwanza. Ikiegemea upande, pima umbali upya kabla ya kulaumu ukuta.

## Hatua ya 3: Tengeneza paneli

Kata mbao upate fremu ambayo ndani yake ni mita 1.2 kwa 0.6. Unganisha kwa gundi na skrubu, weka kipande cha mbao katikati kwa nyuma ili fremu isipinde. Fundi wa samani atakufanyia zote nane kwa siku moja ukimpa mchoro. Mwambie wazi kwamba hutaki mgongo wa plaiwudi, la sivyo ataweka kwa nia njema. Mgongo sharti uwe wazi ili sauti iingie pande zote mbili.

Pangilia mabamba mawili ya sufu, moja juu ya jingine, upate unene wa sentimita 10. Mbao ya inchi 4 ikishapigwa randa hupungua kidogo, kwa hiyo sufu itatokeza milimita chache. Haidhuru, kitambaa kitaibana. Usiikandamize kwa nguvu wala kuigandisha kwa gundi. Funika mgongo kwa kitambaa chepesi chochote kinachopitisha pumzi, ili nyuzi zisidondoke.

Leso inavutwa hivi: pini ya kwanza katikati ya upande mrefu, ya pili katikati ya upande unaoelekeana nao, halafu pande fupi, ndipo uende kuelekea pembe kidogo kidogo. Ukianzia pembeni maandishi yatapinda na hutaweza kuyanyoosha tena.

*Tahadhari:* sufu hii inawasha ngozi na vumbi lake linakera koo. Fanyia kazi nje au kwenye baraza, watoto wakae mbali, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Oga kwa maji baridi kwanza.

Paneli moja itakuwa na sufu ya kilo 4 na kitu, au karibu kilo 6 ukichukua ile nzito, pamoja na mbao. Kumbuka uzito huo ukifika kwenye dari.

## Hatua ya 4: Pembe za chumba, hapa ndipo kazi ilipo

Kabla hujaweka chochote, fanya jaribio moja. Piga sauti ya noti moja, ile ya 41 Hz au yoyote uliyoipata kwenye hesabu, kwa kiwango cha chini. Tembea taratibu chumbani. Katikati itapungua hadi udhani spika imezimika. Sasa ingiza kichwa kwenye pembe, karibu na sakafu: itakujaa kichwani. Noti zote za chumba hukutana pembeni, ndiyo maana paneli iliyoko pembeni inafanya kazi ambayo paneli ya katikati ya ukuta haiwezi.

Tumia paneli nne kati ya nane hapa. Simamisha mbili, moja juu ya nyingine, katika kila mojawapo ya pembe mbili za ukuta wa mbele, zikikatiza pembe kwa mshazari kama mlango uliofungwa nusu. Paneli mbili zinafikia mita 2.4 na ushee, karibu na dari. Nyuma ya kila moja inabaki nafasi ya pembetatu ambayo katikati ina kina cha sentimita 30. Nafasi hiyo ni sehemu ya dawa. Sufu hufanya kazi pale hewa inapokwenda kasi, na hewa iliyogusana na ukuta haisogei, kwa hiyo kadiri paneli inavyokuwa mbali na ukuta ndivyo inavyoshika noti za chini zaidi. Ukibakiwa na mabamba, jaza pembetatu yote. Itafanya vizuri zaidi.

Pembe moja ina mlango? Hali ya kawaida. Kiungo kingine chochote cha kuta kinafaa: pale ukuta unapokutana na dari, au pale ukuta unapokutana na sakafu nyuma ya spika. Chumba cha mstatili kina viungo 12 vya namna hiyo, kwa hiyo usiseme huna nafasi.

Na kama sebule yako imeungana na jikoni au ukumbi bila ukuta, shukuru kidogo. Besi ina njia ya kutokea. Mlango wa chumba cha kulala ukiuacha wazi wakati wa muziki unaweza kubadilisha besi kuliko paneli mbili. Jaribu kabla ya kununua zaidi.

Kwa mpangaji: ukuta wa mawe ni mgumu kutoboa bila drili ya kugonga, na kila tundu litahesabiwa siku ya kurudishiwa depositi. Paneli za pembe hazihitaji tundu hata moja. Zipigie miguu mifupi ya mbao, zifunge kwa kamba moja juu zisianguke mtoto akiziegemea.

*Tahadhari:* nyumba za chini na kuta zinazotazama nje huwa na unyevu wakati wa mvua za masika na baridi ya Julai. Acha mwanya wa hewa wa sentimita 5 hata pale unapotaka kubana, na kagua mgongo kila mara msimu ukibadilika. Madoa meusi yakionekana, toa paneli uianike, usiipake rangi juu.

Utajua umefaulu ukirudia jaribio la noti moja na mvumo ukikatika haraka unapozima. Urefu wa kilele kwenye mchoro unaweza kushuka kwa desibeli chache tu, usikate tamaa. Angalia muda wa kufifia, yaani ule mchoro wa maporomoko kwenye Room EQ Wizard. Mkia ukifupika, noti inayofuata haifunikwi tena na iliyotangulia, na ndicho masikio yanachokiita besi safi.

## Hatua ya 5: Ukuta wa ubavu, kwa kutumia kioo

Keti kwenye kiti. Mwenzako ateleze kioo ukutani kwa kimo cha spika ndogo ya sauti za juu, kutoka mbele kuja kwako. Pale unapoiona spika ndani ya kioo, weka alama. Aendelee mpaka uione spika ya pili, alama nyingine. Rudieni upande wa pili.

Katika mfano wetu alama ya spika ya karibu inaangukia kama mita 1.1 kutoka ukuta wa mbele, na ya spika ya mbali kama mita 1.8. Angalia vizuri: paneli ya mita 1.2 ikilazwa inashika alama zote mbili. Watu huisimamisha kwa sababu inapendeza, wakakosa moja.

Sauti inayorudi kutoka ukuta wa karibu inakufikia ikiwa imechelewa milisekunde mbili na kidogo tu. Sikio haliisikii kama mwangwi, linaichanganya na ile ya kwanza, na picha ya wanamuziki inavurugika. Ndipo mwimbaji anapoanza kutangatanga.

Paneli ikae sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani. Usiibandike. Na ziwe sawa kushoto na kulia. Hapa ndipo nyumba zetu zinaposumbua, kwa kuwa upande mmoja mara nyingi ni dirisha kubwa. Mapazia mepesi ya shia hayafanyi lolote. Pazia zito lenye mikunjo mingi, lililoning'inia sentimita 15 kutoka kioo, linasaidia sauti za juu na za kati. Bora zaidi ni paneli yenye miguu inayosimamishwa mbele ya dirisha wakati wa kusikiliza na kuondolewa baadaye.

Utajua umefaulu ukifumba macho na kuweza kunyooshea kidole gita moja la rumba liko upande gani na la pili liko wapi.

## Hatua ya 6: Nyuma ya kiti

Paneli mbili zilizobaki ni za hapa. Kama kichwa chako kiko chini ya mita moja kutoka ukuta wa nyuma, ziweke hapo zote mbili zikiwa zimesimama bega kwa bega, mbali na ukuta kwa sentimita 10 au zaidi. Ukilazimika kukaa karibu na ukuta kabisa, ongeza unene, usiongeze idadi.

Ukiwa na mita moja na nusu au zaidi nyuma yako, una hiari. Rafu ya vitabu vya ukubwa tofauti, vingine vimesukumwa ndani na vingine vimetokeza, inaitawanya sauti badala ya kuimeza, na chumba kinabaki na uhai. Mimi ningechagua rafu kila mara nafasi inaporuhusu. Vitabu vikipangwa kwa mstari ulionyooka, rafu inageuka kuwa ukuta mwingine.

## Hatua ya 7: Sakafu na dari

Zulia nene kati ya spika na kiti, basi. Zulia la ukuta hadi ukuta ni kosa kwa mwenye paneli tayari, sauti za juu zitakufa.

Dari ya zege na sakafu ya vigae huzaa ule mlio wa "trrr" ukipiga kofi. Kwa kawaida zulia linautuliza. Mlio usipotulia na nyumba ni yako, paneli moja au mbili zinaweza kuning'inizwa pale kioo kinapoonyesha spika darini, kwa kulabu za chuma zilizofungwa ndani ya zege na fundi anayejua, minyororo minne kwa kila paneli. Mpangaji asithubutu kwa gundi. Kitu cha kilo kadhaa hakitakiwi kuwa juu ya kichwa cha mtu kikishikiliwa na gundi.

## Hatua ya 8: Pima tena, kisha punguza

Kipaza sauti kirudi pale pale, sauti kiwango kile kile, faili liitwe "baada". Weka michoro miwili pamoja.

Usitafute mstari ulionyooka, haupo katika sebule yoyote. Tafuta mambo mawili. Mashimo chini ya 200 Hz yawe mafupi kuliko awali, na muda wa sauti kufifia kwa noti za kati uwe kama sekunde 0.3 hadi 0.5. Chini ya hapo, chumba kimekauka: sauti za watu wakiongea zinasikika kama zimebanwa. Toa paneli moja ya nyuma, sikiliza siku chache, kisha uamue.

Kama kilichokufa ni sauti za juu peke yake, huna haja ya kutoa paneli za pembe. Fungua leso, tandika karatasi ya kaki juu ya sufu, funga tena. Karatasi itarudisha sauti za juu chumbani na besi itaendelea kuingia.

## Ukikwama

Besi bado inanguruma kwa noti moja tu. Sogeza kiti sentimita 20 kabla ya kujenga chochote. Ikiwa una sabufa, isogeze hiyo. Kama bado, pembe mbili za nyuma zinakungoja.

Noti moja haisikiki kabisa. Usiiongeze kwenye ikwalaiza. Shimo hilo linatokana na mawimbi mawili yanayofutana, kwa hiyo ukiongeza nguvu unaongeza pande zote mbili, na amplifaya inachoka bure. Ikwalaiza itumie kushusha vilele tu.

Kitu kinatetemeka. Cheza mfagio wa sauti polepole na uguse vitu kimoja kimoja: kioo cha wall unit, fremu ya picha, kifuniko cha balbu, fimbo ya pazia. Kipande kidogo cha mpira au kitambaa kilichokunjwa kinamaliza. Madirisha ya chuma yenye vioo vilivyolegea yanahitaji fundi wa kuweka puti upya, na mara nyingi mlio wake ndio uliokuwa ukidhaniwa kuwa spika imepasuka.

Upande mmoja una sauti zaidi. Badilisha nyaya za kushoto na kulia kwenye amplifaya. Tatizo likihamia upande wa pili, ni amplifaya au kinachoilisha muziki. Likibaki pale pale, ni spika au chumba: badilisha spika zenyewe mahali, na likibaki bado, rudi hatua ya 5 na uhesabu upya alama za kioo, ukianzia upande wa dirisha.